Siku Chupa za Mama Ziliposhuka Gulioni

Mwenzenu kuna mahali siwezi kupita bila kuinamisha kichwa, na si kwa wakwe wala kituo cha polisi, ni gulioni kwetu Suji, kwenye soko letu la kila wiki, kwa sababu kuna mama mmoja muuza vitunguu ambaye kila akiniona lazima anyanyue chupa yake ya maji juu na kuniuliza kwa sauti, "Namsifu, na huyu naye ni ndugu yako?" na soko zima linaangua kicheko. Na mimi nacheka. Nifanyeje? Nilijitakia mwenyewe. Basi ngoja niwasimulie kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko mlimani wameshaongeza chumvi (eti maji yalinibeba mpaka Makanya, uongo mtupu, nilianguka mara moja tu na nikanyanyuka mwenyewe).

Kwanza mjue nyumba niliyokulia. Nyumba ya mama haikuwa na pipa la taka. Sisemi lilikuwa limejaa au limetoboka, nasema halikuwepo, na wala hakuna aliyewahi kulitafuta. Maganda ya ndizi alikula ng'ombe, pumba walikula kuku, majivu ya jikoni yaliingia kwenye kibuyu cha mbegu za maharage ili wadudu wasisogee, na yaliyozidi yakamwagwa shimo la choo. Sukari tulifungiwa kwenye gazeti, na gazeti likishatoa sukari baba analisoma (habari za zamani hizo, lakini alizikasirikia kama zimetokea asubuhi ile), akimaliza mama anawashia moto. Kopo likiingia nyumbani linakuwa kikombe, kikombe kikitoboka kinakuwa koroboi. Mafuta ya taa tulitumwa na chupa moja yenye kizibo cha gunzi la mahindi, chupa hiyohiyo tangu napata akili, miaka nenda miaka rudi, na siku iliponiponyoka ikavunjika kwenye mawe nililia kabla hata sijachapwa. Jamani ile nyumba! Hata leo nikisikia harufu ya moto wa kuni uliomwagiwa maji, moyo unanirudisha pale jikoni, tumekaa kwenye vigoda, mama anakoroga makande, baba anagombana na gazeti.

Sasa mimi nikaolewa, nikashukia Same mjini, kwenye jua na vumbi, nikafungua duka la vipodozi, nikajiona nimefika. Nyumba yangu ina mapipa mawili na hayatoshi. Gari la taka likichelewa, mbuzi wa jirani wanapita kujihudumia maboksi. Kila ninachonunua kinakuja kimevaa nguo, nami nakivua natupa, nakivua natupa, mpaka nikazoea kuona mtu asiyetupa kitu ni maskini. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku ninazozisimulia.

Basi mama akatimiza miaka sabini. Tarehe hakuna aijuaye, yeye anachojua ni kwamba alizaliwa maharage yakitoa maua, lakini mimi nikasema mwaka huu lazima mama afanyiwe bethdei, na afanyiwe ya mjini. Wadogo zangu wakasema dada, si tupike tu makande na pilau, Mchungaji aombe, basi? Nikawaambia nyamazeni, mama si wa makande leo. Nikaagiza sahani za plastiki, vijiko vya plastiki, vibakuli vya foili, maputo, na (hapa ndipo nilipojimaliza) katoni na katoni za chupa ndogo za maji, kila chupa imebandikwa stika yenye picha ya mama anatabasamu, kavaa kilemba cha kanisani, na maandishi ya dhahabu: HONGERA MAMA YETU MIAKA 70. Noah tuliyokodi ilipanda mlima inalia.

Tulipofika, mama alishika moja ya zile chupa, akajitazama, akacheka kwa aibu kama msichana. Kisha akaigeuza.

"Namsifu, haya maji yana nini ambacho ya chemchemi yetu hayana?"

"Yamechujwa mama. Ni salama."

"Haya. Na nikishayanywa, hii nampa nani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia, "Humpi mtu, unatupa."

"Wapi?"

Nikacheka! Nilicheka mwenzenu, nikamkumbatia nikasema mama wewe bwana, nikaenda zangu kupuliza maputo. Na kule jikoni nikakuta amepanga sahani za bati hadi juu, alizoazima nyumba kwa nyumba kama tunavyofanya kwetu kukiwa na shughuli, kila nyumba ina alama yake ya rangi chini ya sahani ili zisichanganyike wakati wa kurudisha. Nikamwambia mama, leo hakuna kuosha vyombo, leo hata wewe unapumzika. Akasema sawa mwanangu. Akachukua kanga akazifunika.

Shughuli ilifana, sitaki kuwa mnafiki. Watu walikula, Mchungaji aliomba, mama alikata keki. Jioni wakati napiga picha mabaki ya keki (sijui hata kwa nini), mama akaja akasimama karibu yangu.

"Kesho asubuhi ni zamu yangu ya maji," akasema. "Maharage yametoa maua. Yakikosa maji ya kesho, basi tena."

"Sawa mama," nikasema, huku nazungusha keki ili mwanga uingie vizuri.

Ngoja niwaeleze wasiojua. Kwetu maji ya shamba yana utaratibu wake tangu enzi za mababu. Juu ya kijiji kuna ndiva, yaani bwawa la udongo linalokusanya maji usiku kucha, na alfajiri msimamizi wake, Mzee Elieza, anazibua tundu, maji yanashuka mferejini mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Leo wewe, kesho yule, mpaka wote mzunguke, na ukikosa yako unasubiri mzunguko mwingine. Kiangazi hakuna mvua ya kukuokoa, ni ndiva tu. Na yale maharage ya mama siyo ya kununua sokoni. Ni madogo, mekundu yenye doa jeusi, bibi aliyarithi kwa mama yake, na pale kijijini waliobaki nayo ni mama peke yake. Kila mwaka anayapanda, anakula kidogo, ananitumia Same kidogo, na mengine anarudisha kwenye kibuyu. Msimu ukiharibika, mbegu imeharibika.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Nimekulia humo! Lakini tangu niolewe nilikuwa napanda kwetu Krismasi tu, wakati mvua inanyesha na hakuna anayemwagilia, kwa hiyo mfereji unaopita nyuma ya nyumba nilizoea kuuona umejaa majani makavu, na akilini mwangu nilishauzika. Nilidhani mambo ya zamani hayo.

Basi jua linazama, wageni wengi wameondoka, ndugu waliobaki kulala wako ndani, mimi nimesimama uani nimezungukwa na taka. Jamani taka! Viroba na viroba. Sikuwahi kuona uchafu wa aina ile kwenye ule ua tangu nizaliwe, na nikaona aibu. Nikasema nichome. Mama akatoka mbio. "Hapana! Moshi huo utakaa kwenye kahawa na kwenye vifua vya watoto." Nikamwomba dereva wa Noah ashuke navyo. Akanitazama, akawatazama mashangazi zangu waliojaa ndani ya gari mpaka mlangoni, akaniuliza, "Nimshushe nani?" Akaondoka. Nikasema sasa asubuhi watu wakiamka waone hivi? Ndipo macho yangu yakaangukia ule mfereji, mkavu, wa kina cha goti, uko nyuma kabisa ambapo hapana mtu. Nikavipanga viroba mle kimojakimoja vizuri kama natandika kitanda, nikafunika na majani ya migomba, nikajisemea keshokutwa nitatafuta gari. Nikanawa mikono, nikalala usingizi mtamu.

Asubuhi ilikuwa siku ya gulio. Nikavaa gauni langu la kitenge lile lile la sherehe (mikono imevimba kama mito ya sofa), nikashuka sokoni mapema, si kununua kitu, nilishuka kupongezwa. Na nikapongezwa kweli. "Namsifu umemheshimisha mama!" Natabasamu. "Haijawahi kutokea hapa!" Nainamisha kichwa. Ndipo maji yakaja.

Yalishuka na njia ya miguu, matope mekundu, yanakimbia, yakaingia chini ya meza za mitumba, wanawake wakaanza kunyanyua vikapu, mama wa vitunguu akapanda juu ya gunia lake. Na kwenye maji, taka. Sahani za plastiki. Vijiko. Puto moja likiwa bado limejaa linadundadunda mbele kama linaongoza msafara. Na mimi, kwa hasira za mtu aliyevaa vizuri, nikasimama katikati ya soko nikaanza kutoa hotuba.

"Jamani watu wa huku mmekuwaje siku hizi? Mbona mmekuwa wachafu hivi? Sisi wakati tunakua huu mlima ulikuwa hauna hata karatasi! Mama zetu walifagia mpaka njia! Nani huyu asiye na haya anatupa taka mferejini? Atajwe! Atajwe hapahapa!"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikadhani nimewagusa.

Chupa moja ikaja taratibu, ikazunguka jiwe, ikasimama kwenye kiatu changu, ikageuka chali. Mama ananitazama na kilemba chake, anatabasamu. HONGERA MAMA YETU.

Ikaja nyingine. Ikaja nyingine tena. Mama akapita chini ya meza ya nyanya, mama akakwama kwenye mitumba, mama akazunguka pale kwenye mizani, wote wanatabasamu. Yule wa vitunguu, juu ya gunia lake, akainama akaokota moja, akaisoma herufi kwa herufi maana hakuwa na haraka, akanitazama, akasema, "Namsifu, si ulisema atajwe?" Mungu wangu. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze na gauni langu.

Lakini hapohapo hata aibu ikanitoka, kwa sababu nilikumbuka. Zamu ya mama. Haya maji yaliyo miguuni mwangu hayakutakiwa kuwa hapa. Nikainua gauni nikaanza kukimbia kupanda mlima dhidi ya maji, na hapo ndipo nilipoanguka ile mara moja wanayoizungumzia. Nyuma yangu nikasikia pembe inapigwa. Ile pembe ni ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, mfereji ukibomoka inapigwa na kila mwenye mkono anachukua jembe anakwenda, awe anauza, awe ananunua. Soko likavunjika. Kijiji kizima kikanifuata nyuma, na njia hawakuhitaji kuulizia, walifuata vijiko.

Nilimkuta mama amesimama kwenye shamba lake, kajifunga kanga kiunoni, jembe mkononi, anangojea maji kwenye mlango wa tuta. Udongo umepasuka. Maharage yamejaa maua meupe. Hakuna hata tone lililofika. Juu kidogo, nyuma ya nyumba, viroba vyangu vilikuwa vimeziba mfereji kama kizibo, maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakabomoa ukingo, yakajiendea zao gulioni.

Mzee Elieza alikuwa tayari ndani ya mfereji, anachomoa majani ya migomba. Nikapiga goti kwenye matope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akavuta kiroba, kikapasuka, foili na chupa zikamwagikia miguuni mwake. "Nani kaweka hivi?"

Mama akajibu kabla yangu, kule chini shambani. "Ni mimi, Elieza. Si unaona sura yangu?"

Watu wakatazamana. Nikapayuka, "Si yeye! Ni mimi baba, ni mimi!"

"Tunajua ni wewe," akasema Mzee Elieza, wala hakuinua kichwa. "Mama yako namjua tangu tukiwa watoto, sijawahi kumwona akitupa hata ganda la yai. Tunamngoja tu amalize kukutetea."

Pale nililia. Si kilio cha mapambo, ni kile cha kamasi. Nikamwomba anifungulie maji tena, akasema ndiva imekauka, njoo uone mwenyewe ikiwa huamini. Nikasema basi ya kesho, jamani ya kesho tu, maharage yana maua! Akasema ya kesho ni ya Mama Joeli, jirani yetu wa chini, muulize yeye. Mama Joeli alikuwa amesimama palepale na jembe begani na kabichi zake shambani zinanyauka, na macho yake hayakunitaka. Akamgeukia mama. "Nitamwachia Mama Namsifu kitakachobaki nikimaliza," akasema. "Lakini nitamaliza kwanza." Na alikuwa na haki.

Sheria ya mfereji ni kwamba aliyeziba ndiye anayezibua. Wanaume walijenga ukingo, na mimi nikapewa mfereji wote, kutoka nyuma ya nyumba mpaka gulioni, kuokota kimoja kimoja. Niliokota na gauni la mikono ya mito ya sofa. Kila nikipita mlangoni kwa watu mtu anatoka na chupa, "Dada, mama yako mwingine huyu hapa, alilala kwetu." Watoto walikuja nazo mikono imejaa, wananiuliza kama kuna zawadi. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini niseme ukweli, walicheka huku wanaokota. Mmoja alishika upande mwingine wa kiroba bila kuombwa, akaanza kukumbusha enzi tulivyokuwa tunaoshea vyombo hapohapo mferejini baada ya shughuli, sahani zote za kijiji zimetapakaa kwenye nyasi, tunasugua na majivu, tunasutana, tunaimba, tunarushiana maji mpaka kiza kinaingia na mama zetu wanaita. Akasema, "Jana nilikuja na kanga ya kuoshea vyombo, nikarudi nayo kavu." Kumbe nilichokuwa nawapunguzia watu si kazi.

Kilichobaki kwa Mama Joeli kilikuja kesho yake, kikalowesha matuta ya juu kisha kikaisha. Mimi na mama tukabeba ndoo kutoka chemchemini, kichwani, asubuhi na jioni, nikafunga duka langu Same wala sikujali, lakini ndoo haiwezi kazi ya ndiva. Matuta ya chini maua yalikauka, yakaanguka, ukiyagusa yanakuwa unga. Mama alikuwa anapita katikati yake, anashika mmea mmoja, anauachia, anashika mwingine. Hakunigombeza hata siku moja. Ningefurahi angenigombeza.

Wakati wa kuvuna nikapanda tena. Zamani tulikuwa tunapura maharage uani kwa fimbo, kelele tupu, yanaruka mpaka kwa jirani. Safari hii mama aliyapukuchua kwa vidole, kwenye ungo mmoja, tumekaa kwenye vigoda jikoni, mimi na yeye. Yalipoisha akayamimina kwenye kibuyu cha mbegu, akaongeza majivu, akakitikisa. Zamani kile kibuyu kikitikiswa kilikuwa kizito, kilinyamaza. Sasa kililia kama njuga.

"Yatatosha?" nikauliza.

"Kupanda, yatatosha nusu ya shamba. Mwaka wa kufuata zaidi kidogo. Yatarudi, nikiwepo."

Ile "nikiwepo" ilinichoma. Nikashika mkono wake wenye majivu. "Mama, nisamehe."

"Aka, nilikusamehe siku ileile," akasema, anatafuta kifuniko. "Ila maharage hayajui kusamehe, mwanangu. Yanajua maji."

Nimeacha kwenda Krismasi tu. Sasa hivi naulizia zamu ya mama kwa simu, na siku moja kabla napanda na jembe langu, nafagia ule mfereji kutoka kwenye ndiva mpaka kwenye matuta, wanaopita wanicheke watakavyo. Na nimejiapiza: kitu ambacho mama akikishika ataniuliza "hii nampa nani" na mimi nikakosa jibu, hakipandi tena ule mlima.